Kofia Iliyofumwa kwa Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Namkunda,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Unisamehe kwa kukaa kimya tangu masika. Babu yako aliugua, lakini sasa anatembea hadi shambani. Umeniuliza kama binti yako, anayetumia mkono wa kushoto, alazimishwe kufuma kwa mkono wa kulia.

Wakati wa Mwingereza, pale Myamba, mwalimu wetu wa kufuma aliniketisha kando yake ili nimwige. Nikaishia kupata mafundo tu. Siku moja niliketi uso kwa uso na rafiki yangu Nakiete, na mkono wangu wa kushoto ukafuata wake wa kulia.

"Umekuwa kioo changu wewe!" alicheka.

Nikamaliza kofia ya mtoto.

"Kofia safi! Hebu ilete," alisema mwalimu. Nikampa kwa mkono uleule. "Mkubwa hapewi kitu kwa mkono wa kushoto!" Akaifumua yote.

Nilikosa adabu, nakiri. Lakini kofia ilikosa nini? Hata leo sielewi. Na bado mama yako nilimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili afume kwa wa kulia, naye hakushika sindano tena.

Kwa sasa usimlazimishe mtoto. Nikishaamua la kukushauri, nitakuandikia.

Bibi yako