Kila Kona Namsomea Mume Wangu Uongo

Mpendwa mshauri, Bi Zuleica, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo mimi na mume wangu tunakwenda kuipima upya barabara ya mashindano, na nikishika kalamu sijui nitaandika nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Palma, na mume wangu Rafique ni dereva wa mashindano ya magari, yale ya barabara ya vumbi kutoka Mute kuelekea Pundanhar, ambayo kila gari linakwenda peke yake na kuhesabiwa dakika, na pembeni ya dereva anakaa mtu wa kumsomea kona kutoka kwenye daftari, kwa sababu kwa mwendo ule ukingoja kuiona kona umeshachelewa. Kona tunazipa namba, sita ni ile ya kupita bila kugusa breki na moja ni ile ya karibu kusimama. Zamani alikuwa akisomewa na binamu yake Dauto, na mwaka juzi kwenye kona ya daraja Dauto alisoma mbili, Rafique akaiendea kama nne, gari likapinduka mpaka kwenye shamba la mihogo, Dauto akatoka na michubuko tu akaapa hapandi tena, lakini mume wangu alivunjika paja na nyonga, akalazwa hospitali ya Pemba, hii yetu ya Msumbiji, miezi mitatu, akatembelea magongo karibu mwaka, na ni mimi niliyekuwa namshika akijifunza upya kwenda chooni, Bi Zuleica, mwanamume ambaye hata kitini alikuwa hatulii.

Alipopona akasema anarudi mashindanoni. Nikalia, nikanuna, mwisho nikaona hazuiliki, nikamwambia basi nitakusomea mimi, maana sauti ya darasani ninayo na mtu mwingine simwamini. Tukaenda kuipima barabara, yeye anataja namba, mimi naandika, na hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Akisema nne naandika tatu, akisema tatu naandika mbili, hivyo hivyo kurasa kumi na moja, na yeye daftari halishiki, kazi yake usukani.

Mashindano yalikuwa wiki moja baada ya Idi. Tukawa wa tano kati ya magari tisa, gari halina hata mkwaruzo, na tulipofika mwisho nilishuka nikakaa chini kwenye vumbi nikacheka na kulia pamoja, watu wanamsifu, Rafique amekomaa, Rafique siku hizi anaendesha kwa akili, na mimi nikajisikia mwepesi kama nimetuliwa gunia la muhogo kichwani, tangu ajali sikuwahi kulala usingizi kama wa siku ile. Tena kwenye ile kona ya daraja nilimwangusha, koo lilinikauka, sikusoma kitu, bahati nzuri alikuwa ameshaachia mafuta tangu kwenye ule mkorosho ulio kabla ya daraja, kabla hata ya mahali pangu pa kusoma, akasema Bismillahi polepole, tukapita, Alhamdulillah.

Sasa kasheshe ni hii. Juzi tunakunywa chai akaniambia, "Mama Tarique, curva zako, hizi kona unazonisomea, unazibana wewe. Mbili yako mimi naipita kama tatu, nimeshakujua. Safari hii nitakuwa naziongezea mwenyewe." Akacheka. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vikombe. Nimewaza nipunguze mbili badala ya moja. Nimewaza nimwambie kweli, lakini naogopa atanishusha garini amchukue mtu wa kumsomea anachotaka kusikia. Nimwambie au ninyamaze?

Mama Tarique, Palma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwanza pole kwa yaliyowapata, na hongera kwa kufika salama. Kukaa kwenye vumbi ukacheka na kulia si wazimu. Mke aliyemshika mumewe akijifunza kutembea ana haki ya kufurahi akimwona anashuka garini kwa miguu yake. Furahi, wala usione haya.

Sasa nikugombeze. Wewe mwalimu mzima! Mwanafunzi akikuandikia tatu mahali pa nne, unampa vema? Uliogopa, nakuelewa, ningekuwa mimi pengine ningeficha funguo za gari. Lakini hebu tazama ulipofika. Ulipunguza moja, naye ameshakugundua, anaongeza moja. Ukipunguza mbili ataongeza mbili. Halafu itakuja siku mvua imekula barabara, utamsomea moja na kweli ni moja, yeye ataisikia tatu, na wewe umekaa kiti cha pembeni. Dauto alisoma kweli akapuuzwa mara moja, mkaenda Pemba miezi mitatu. Wewe unamzoesha kupuuza kila kona. Hapana, Mama Tarique. Acha leo.

Barua yako lakini nimeirudia mara ya pili, nikakuta jambo umeliandika kwa mkono wako ukalipita mbio. Unasema kwenye kona ya daraja ulinyamaza. Haya, nani alimwambia apunguze? Si wewe, koo lilikuwa limekauka. Si daftari, halikusomwa. Aliachia mafuta tangu kwenye mkorosho, kabla ya mahali pako pa kusoma, akamtaja Mola wake. Mahali palepale palipomvunja, mumeo alijipunguzia mwenyewe. Unamlinda na Rafique wa mwaka juzi, mwanangu, na huyo hakurudi kutoka hospitali. Pumua.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie nyumbani, mmekaa, si garini. Usizunguke, mwambie uliogopa kumpoteza ukampunguzia kona, na mwonyeshe daftari. Atakasirika, mwache akasirike, umemkosea. Hukuniomba nifiche majina, na hata ningeyaficha, sidhani kama Palma ina wake wawili wanaosoma kona, basi kama umefika hapa kwenye jibu langu na bado hujamwambia, weka gazeti chini sasa hivi kabla jirani hajamfikishia. Jumamosi nunua daftari jipya. Ataje yeye, uandike wewe, na kabla hamjaivuka kona umrudishie kwa sauti alichotaja. Palipo na hofu yako usibadilishe namba, sema "hapa naogopa," mkubaliane humo humo garini. Naye umpe sharti lako: kinachosomwa ndicho kinachoendeshwa, akiongeza hata moja unashuka, na hiyo iwe kweli.

Na siku ya mashindano, mkifika kwenye mkorosho, usinyamaze tena. Msomee ile mbili kwa sauti yako ya darasani, hata kama mguu wake umeshatangulia.

Bi Zuleica