Kompyuta Iko Nakuru, Baba Yuko Mau Narok

Alhamisi. Jua limewaka hapa Mau Narok tangu asubuhi, lakini upepo ni ule wa kukata masikio. Nimechoka. Jembe sijashika wiki nzima. Nimechoka kwa kukaa kitini nikigombana na skrini.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: baba yangu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukaondoka, na nusu ya maneno. Dada yangu alimtunza mpaka akalazimika kurudi kwake Molo. Tukaajiri mtu, na baba akamkataa kwa njia aliyobaki nayo, yaani kufunga mdomo kila kijiko kilipokaribia. Ndipo nikamwomba Nderitu, mhariri wa jarida letu la wakulima, aniruhusu kufanyia kazi huku nyumbani. Akanipa wiki hii ya majaribio. Programu ya kupanga kurasa na kumbukumbu zetu zote zimo kwenye kompyuta yangu ya ofisini. Ibaki Nakuru, mimi niifikie kwa intaneti kupitia laptopu yangu. Ikikubali, nakaa na baba. Ikikataa, Jumatatu ijayo niko kwenye dawati langu mjini, na baba anarudishiwa kile kijiko.

Asubuhi inakubali. Naiona skrini yangu ya Nakuru ndani ya laptopu, na faili zangu zikiwa zimetawanyika nilivyoziacha. Halafu, baada ya chakula cha mchana, katikati ya sentensi, kila kitu kinaganda. Unakuja ujumbe kwamba kompyuta ninayoitafuta haipatikani.

Jumatatu hivyo. Juzi hivyo. Jana hivyo.

Nimebadilisha nywila. Nimezima modemu nikaiwasha, nikaihamishia dirishani, nikaishia kuitundika kwenye msumari wa kalenda. Nimesoma mabishano ya wataalamu wanaotukanana mtandaoni kuhusu vitufe ambavyo kwangu havipo. Kila asubuhi nimempigia Mama Jebet, anayeendesha ofisi yetu, kuuliza kama mashine yangu imewashwa. Kila asubuhi ilikuwa imewashwa. Basi mkosaji akabaki mmoja, kampuni ya intaneti, na mimi nikishapata mkosaji simwachi.

Leo nimempigia kijana wao wa huduma kwa wateja, nikamhutubia. Nimemwambia kuhusu ramani za huduma yao wanazopaka rangi hadi vileleni, ilhali mkulima wa viazi anapanda juu ya trekta kutafuta mtandao. Nimemwambia kwamba watu wa mashambani si makombo ya biashara za mjini. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, heshima ambayo wasomaji wangu wengi hawanipi. Kisha akasema taratibu, "Boss, intaneti yako iko sawa, hata naiona hapa. Hebu uliza huko kwingine kama kuna stima."

Sikupenda jibu hilo. Nikampigia Mama Jebet hata hivyo.

Alipokea akipaza sauti, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati vibaya sana. Nikamwuliza kama umeme umepotea. Haujapotea. Nikamwuliza mashine yangu ikoje.

"Nimeizima, Baba Njeri. Si mvua imekuja?"

Katika ofisi yetu, wingu likikaa juu ya mlima Menengai, Mama Jebet hupita dawati kwa dawati. Hifadhi kazi, zima, chomoa waya ukutani, njoo chai. Alianza baada ya radi kupita kwenye waya na kuunguza mashine iliyokuwa na toleo zima ndani yake. Chai hiyo nimeinywa miaka. Nderitu alipotaka kuifuta, ni mimi niliyeitetea, kwa ukali.

Lakini huku jua lilikuwa linawaka. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba mashine yangu inakaa chini ya mbingu nyingine.

Nikamwomba aiache ikiwa imewaka. "Ili iungue ndio ufurahi?" akauliza. "Nitakuwa nakupigia kwanza, usave. Lakini kuzima nitazima."

Sikuwa na mtu mwingine wa kulaumu, na bila mtu wa kulaumu sijui sana la kufanya na mikono yangu. Nikafunga laptopu. Nikatengeneza chai, maana kule nao walikuwa wanakunywa, nikampelekea baba sebuleni anapokaa akitazama shamba la ngano. Wiki nzima nimempa chakula na dawa nikiwa nusu mlangoni, shingo imegeukia chumba cha kompyuta. Leo nilivuta kiti.

Akatazama kikombe. Akanitazama mimi. Siku hizi maneno yake hutoka moja moja.

"Umefika... saa ngapi?"

Nikadhani kumbukumbu nayo imeondoka. Nikamwambia, Baba, niko hapa tangu Jumapili. Akatikisa kichwa, akaonyesha chumba changu kwa mkono wa kushoto.

"Huyo wa kelele... namjua. Nauliza... wewe."

Na kona moja ya mdomo ikapanda.

Kiharusi hakikufika kila mahali.

Tumekunywa chai bila haraka. Kikombe chake nimekishika mimi, na mdomo hakuufunga.

Kesho nitamwandikia Nderitu ukweli: inakubali, kuanzia alfajiri mpaka wingu la Menengai. Kurasa zake atazipata kabla ya mvua. Baada ya hapo mimi, kama wenzangu wote wa ofisi ile, niko kwenye chai. Sijui kama hilo litamtosha. Nimebishana na watu wakubwa kuliko Nderitu bila kutetemeka, lakini barua hii naiogopa.

Hapa jua bado halijazama. Natamani kesho Nakuru kunyeshe mapema.