Mchanga Ndani ya Kinanda

Jumatatu, 9 Juni 1997

Bado nasahihisha. Kidato cha Tatu, jedwali la kosini. Kosa lile lile: zile safu za tofauti pembeni mwa ukurasa wamezijumlisha. Kwenye sini unajumlisha, kwenye kosini unatoa. Miaka ishirini na miwili naimba wimbo huo mmoja. Nimeandika TOA kwa wino mwekundu mpaka kalamu imeanza kukohoa. Tusekile anasema nikifa wataniandikia TOA kwenye msalaba. Mke wangu ni nesi, amezoea kusema na mahututi.

Ukungu mpaka saa nne. Migomba haionekani, choo hakionekani.

Mchana Mjomba Ambindwile kaja kutoka Suma, kashikwa mkono na mkewe. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwita. Kinanda cha kukanyaga kimekufa rasmi, panya wamemaliza mivukuto ya upepo. Bwana Gwakisa, mwenye duka la redio pale stendi na mwenyekiti wa kamati, anataka kuleta kinanda cha umeme kutoka Dar, wapige vijana wa kwaya. Mjomba amepiga kile cha zamani miaka thelathini, kumi ya mwisho bila macho. Vidole vyake vinajua kila kibonyezo, pamoja na kile kilichopasuka pembeni. Kipya hakijui, na hakuna atakayemngoja akijue. Kikija, yeye anarudi kwenye benchi.

Nikafungua mdomo. Nikasema nitakifufua cha zamani. Mdomo huu.

Alhamisi, 12 Juni

Wazee wamekubali shingo upande. Jumapili ya tarehe 22, baada ya ibada, kisikike. Kikishindwa, Gwakisa anapanda basi. Leo kaniwekea mkono begani mbele ya duka lake. "Mwalimu, zama za kuunda zimekwisha. Sasa soko huria, mtu ananunua." Nyuma yake redio nane zinaimba nyimbo nane.

Ninacho kitu yeye hana. Mdogo wangu alipomaliza masomo ng'ambo aliniletea kibao cha mafunzo, kina chipu ya kutengeneza mawimbi ya sauti, vitufe vya kuingizia namba, na kitabu chake. Miaka miwili nakisoma kitabu hicho kama wengine wanavyosoma Zaburi. Mpango: sanduku lile lile, vibonyezo vile vile, Mjomba asipotee. Ila ndani, badala ya upepo, namba.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike nisije nikasahau nilivyokuwa na akili siku moja.

Sauti safi ni wimbi la sini. Ukiiambia chipu ikokotoe sini yenyewe, inachelewa, na sauti haisubiri mtu. Kwa hiyo unaipa jedwali lililokwisha kokotolewa. Kazi yake kusoma tu, namba moja baada ya nyingine, ikifika mwisho inaanza upya. Sauti nene inasoma polepole. Sauti nyembamba inaruka mistari. Ni mwanafunzi mwenye kitabu cha majedwali, kasoro haogopi viboko.

Wimbi zima ni namba 256, lakini robo yake inatosha, 64. Robo ya pili ni hiyo hiyo ikisomwa kinyumenyume. Nusu iliyobaki ni hiyo hiyo yenye alama ya kutoa. Uvivu wa heshima.

Namba nazitoa kwenye kitabu changu cha tarakimu nne. Daktari pale hospitali ana kikokotoo, angeniazima. Sikumwomba. Nimewaambia wanafunzi miaka yote kwamba mwenye majedwali hahitaji kikokotoo. Nitaonekanaje?

Thelathini na mbili za kwanza zimekwisha. Ukurasa wa pili wa sini, kuanzia nyuzi 45, uliingia wino tangu nikiwa chuoni, hausomeki. Si neno. Sini ya 60 ndiyo kosini ya 30. Zilizobaki nitazichota upande wa kosini. Nimejiona mjanja sana.

Jumatatu, 16 Juni

Namba zote ndani. Swichi za vibonyezo: vipande vya kopo la maziwa. Saa tisa alasiri kimelia! Tusekile kaacha kupepeta mahindi, kaja mlangoni na ungo wake. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Alisema bora kichaa kuliko jana nilivyonuna.

Alhamisi, 19 Juni

Mjomba kaja kujaribu. Kapapasa sanduku, kafika kwenye kibonyezo kilichopasuka, katabasamu. Kabonyeza sauti nene kuliko zote. Kainamisha kichwa, katega sikio.

"Ndaga, asante, mpwa wangu. Kimefufuka. Lakini kina mchanga."

Mchanga gani?

"Kama uji wa mahindi yaliyoanikwa chini. Unameza, jino linagonga."

Nikamwambia ni spika, nimeitoa kwenye redio mbovu. Akasema spika mbovu hukoroma kwenye sauti moja, nyingine ikaziacha. Huu mchanga upo kila sauti, na ni ule ule. Mimi sikuusikia. Nimesomea fizikia, yeye amesoma mpaka darasa la nne. Nikasema, "Mjomba, masikio nayo yanazeeka."

Akasema, "Labda."

Tusekile hakunitazama mpaka chakula cha jioni. Naandika hapa ili nisije nikajidai sikusema.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepaka sanduku vanishi. Mikono miwili, yaani mara mbili. Linang'aa. Ndiyo kazi niliyoona ina haraka.

Jumapili, 22 Juni

Wamekiunganisha kwenye spika kubwa za kanisa. Sauti moja ilikuwa mchanga. Sauti nne pamoja, kwenye spika zile, zikawa kokoto. Ubeti wa kwanza watu walitazamana. Ubeti wa pili mama mmoja nyuma akasema mashine ya kukoboa imeingia kanisani, na kicheko kikaenda benchi kwa benchi. Nilisikia sasa. Hata mwenye masikio ya fizikia alisikia.

Mjomba akaacha kupiga. Akasimama, mkono mmoja juu ya sanduku.

"Wazee wangu, msimlaumu mwalimu. Kinanda kizima. Ni vidole vyangu, vimechoka."

Na mimi nilikaa. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na nilikaa.

Gwakisa alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wakamshukuru kwa miaka thelathini, wakampa blanketi. Lilikuwa limefungwa tayari kwenye karatasi yenye maua. Walikuja nalo asubuhi.

Jumatatu, 23 Juni

Niliketi na daftari na kitabu, namba kwa namba. Thelathini na mbili za kwanza, safi. Nikafika ya arobaini. Kosini ya nyuzi 33 na dakika 45. Jedwali linasema 0.8320, tofauti 5. Jibu 0.8315.

Mimi nimeandika 0.8325.

Nikaenda ya arobaini na moja. Nikarudi thelathini na tatu. Kila mahali penye tofauti, nimejumlisha. Nusu ya robo nzima. Tena lile jedwali linasomwa mbele, kinyumenyume, na kwa alama ya kutoa, kwa hiyo nimemwaga mchanga mara nne kwenye kila wimbi, kila kibonyezo, kama alivyosema.

Nilitafuta kalamu nyekundu. Nikaandika TOA pembeni mwa daftari langu, kubwa. Haikuchekesha.

Kuzirekebisha kumechukua muda wa kupika chai. Chai tu! Siku tatu nilikuwa nazo, nikapaka vanishi.

Nimekwenda dukani kwa Gwakisa. Nikamwambia kosa ni langu, si la Mjomba, na nimeshalirekebisha, waje wasikie. Alikuwa anampimia mteja waya. "Mwalimu, nimeshakata tiketi." Nikarudia kwamba mzee hakukosea. "Nani kasema kakosea? Tumempa blanketi."

Nilitamani kumpiga na redio. Nane zote. Nikanunua betri mbili za tochi, nikaondoka.

Jumamosi, 28 Juni

Kinanda kipya kimefika. Kina kitufe, ukikibonyeza kinacheza chenyewe, mpigaji anakunja mikono. Wazee wanakisifu.

Sanduku la zamani wamesema nilichukue bure. Linawabania nafasi.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda ibadani. Nimelipeleka sanduku Suma kwenye pikapu ya majani ya chai, pamoja na betri ya gari. Dereva kaniuliza kama ni jeneza. Nikamwambia bado hatujaamua.

Tumeliweka sebuleni, chini ya dirisha. Mjomba alikuwa amejifunika blanketi lao. Blanketi zuri, sina la kusema.

Nikamweleza yote, sini, kosini, pa kutoa nikajumlisha. Nikamwomba radhi kwa lile neno la masikio. Akasema alijua si vidole.

Nikamuuliza mbona alisema ni vidole.

"Wewe shule ikifunguliwa utasimama mbele ya watoto. Mimi nasimama mbele ya nani?"

Mkewe akaleta ndizi na maziwa ya mgando. Tukala. Alipomaliza akafuta mikono kwenye suruali, akasogeza kiti, akapapasa mpaka kwenye kile kilichopasuka, akahesabu kurudi nyuma. Akabonyeza sauti nene kuliko zote. Akainamisha kichwa.

Aliiacha ilie mpaka kuku waliokuwa wamekimbia wakarudi mlangoni. "Jino haligongi," akasema.

Hakupiga wimbo.