Picha za Lami ya Keumbu

Ijumaa, Agosti 1974. Mvua imeanza mapema leo, hata kabla ya saa nane. Nimechoka na nina hofu, na sina mtu wa kumwambia.

Jumatatu shemeji yangu Ondieki anapelekwa mahakamani. Jumanne hii lori lake la majani chai liliteleza kwenye kona iliyo chini ya boma letu hapa Keumbu, likapinduka mtaroni, na utingo wake akafa. Polisi walifika mvua ikiwa imekatika na jua limewaka. Walikuta lami kavu, wakaandika kwamba dereva alikuwa anakimbiza gari. Ondieki anaapa kwamba alikuwa anakwenda polepole, ila alipokanyaga breki gari lilijiendea tu, kama liko juu ya sabuni. Dada yangu Moraa, mke wake, anamwamini. Mimi pia namwamini. Hakimu hana sababu yoyote ya kumwamini.

Ndiyo maana tumaini la nyumba yote lilikuwa juu ya kamera yangu.

Mimi ni mpiga picha wa barabara. Watu wa Kisii mjini wakisikia hivyo wanacheka na kuniuliza kama lami huwa inatabasamu. Ofisi ya ujenzi hunituma kuinamia barabara na kuipiga picha mbili za mahali pamoja, ya pili kamera ikiwa imesogezwa kando kidogo. Ukizitazama pamoja kwa miwani yake, kila jicho na picha yake, kokoto zinainuka kama vilima na unaweza kupima kina cha mabonde yaliyo kati yake. Mabonde hayo ndiyo yanayopokea maji ya mvua ili tairi lishike jiwe. Yakijaa, maji yanabaki juu na gari linateleza. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itanihusu mimi.

Jana asubuhi, kabla hatujaenda kumzika utingo, niliomba ruhusa kwa mkubwa wangu nikaenda kwenye kona. Huku kwetu jua la uhakika ni la asubuhi tu, kwa hiyo nilifanya haraka. Nilifagia vumbi, nikapiga picha pale gari lilipoanza kuteleza, halafu nikapanda juu kidogo nikapiga pale barabara inaponyooka, ili niwe na cha kulinganisha.

Leo nimezisafisha. Picha za juu zilionyesha mabonde yenye kina, lami yenye afya. Za kona hazikuonyesha bonde hata moja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu katika chumba cha giza. Shemeji yangu alikuwa amesema kweli, na sasa hata mawe yalikuwa yanamshuhudia.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Lakini mazoea ya kazi ni mabaya. Lami iliyochakaa kwa magari huwa na kokoto za mviringo, zimesuguliwa zikang'aa. Hizi zilikuwa bado na kingo kali. Kwa hiyo si matairi yaliyoyamaliza mabonde yale, kuna kitu kilichoyajaza. Nikarudi kwenye miwani. Nikaona nyuzi za majani yaliyotafunwa. Nikaona punje za wimbi. Nikaona alama za vidole, nusu duara moja juu ya nyingine.

Samadi ya ng'ombe.

Mtoto yeyote wa Kisii anaijua kazi hiyo. Kabla ya kuanika wimbi, uwanja hupakwa samadi mbichi iliyokorogwa na maji, ili punje zisipotelee kwenye udongo. Lami inakausha haraka kuliko uwanja, ila kokoto zake zinameza wimbi. Basi mtu alikuwa ameipaka barabara ya serikali kama anavyopaka uwanja wake. Ukipita kwa miguu huoni kitu, kwa sababu mvua imeosha vichwa vya mawe na samadi imebaki chini kati yake. Mimi mwenyewe niliipigia magoti jana nisiione.

Na kwenye kona ile hakuna anayeanika isipokuwa mama yangu.

Nimefika nyumbani jua likiwa bado halijatua. Moraa alikuwa jikoni akimaliza kupika chakula cha Sabato. Mama aliona bahasha akataka kuona kazi yangu, kwa maana hajawahi kuielewa. Sijui kwa nini sikukataa. Nilimwekea picha mezani, nikamshikia miwani.

Alitazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akaniita tata, yaani baba, kama anavyoniita siku zote kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

"Tata, hapa nilipaka vizuri. Hakuna punje ingepotea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza. Nilitumia maneno machache, na sikumwangalia usoni. Nilimwambia samadi ile ikilowa inafanya nini chini ya tairi la lori lililojaa chai. Hakulia. Aliuliza kama Moraa anajua, nikasema hapana. Aliuliza kama hakimu ataweza kujua ni mikono ya nani, nikasema picha haina jina la mtu.

"Basi utazipeleka," alisema. "Na mimi nitakuja, niseme ni mikono yangu. Jana nilimshikia mama ya yule kijana kikombe cha uji akinywa. Ulikuwa uji wa wimbi ulioanikwa hapo."

Nilimwambia asije. Nilimwambia labda hakuna atakayeuliza. Alifunika vyungu, akanawa miguu, akaingia chumbani mwake kuitafuta nguo ya kuvaa Jumatatu.

Ninamjua mama. Akisimama mbele ya hakimu hatapunguza neno hata moja, na huenda akafungwa yeye. Na nikizificha picha hizi, Ondieki atafungwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na watoto wa Moraa watakuwa bila baba. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu tangu nilipotoka ofisini. Sijaiona.

Moraa ameingia sasa hivi akiwa bado na unga mikononi. Ameniuliza kama picha zimetoka. Nimesema ndiyo. Ameuliza kama zinaonyesha kwamba mume wake hakukosea. Nimesema ndiyo. Ameketi sakafuni akalia kwa furaha, na mama amemsikia kutoka chumbani akaanza wimbo wa kufungua Sabato, nasi tukaitikia.

Kesho kanisani wote watanitaka niiombee kesi. Sijui nimwombe Mungu hakimu aziamini picha zangu, au asiziamini.