Marashi Mapya ya Dukani

Mwenzangu, uko? Nimeumbuka leo, sijui hata nianzie wapi.

Unajua tangu ile homa sisikii harufu yoyote, na zaidi yako na daktari hakuna anayejua. Miezi minne nauza marashi kwa kukariri maneno ya kwenye boksi.

Leo mama mwenye duka kaniita mbele ya wenzangu wote. Kanipulizia mkononi. "Yale mapya yamefika. Hebu tuambie, yakoje?"

Nikanusa. Nikafumba na macho kabisa! Nikasema, "Ni laini, ya maua maua, yanafaa majira ya kuchipua. Nasikia waridi, na yasmini kwa mbali."

"Mwanangu," akasema, "hayo ni maji."

Maji! MAJI, mwenzangu! Nimesikia yasmini kwenye maji ya bomba!

Hakunifokea. Bora angenifokea. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Nikamwambia ukweli. Akatoa chupa yenyewe ya marashi mapya, akanishikisha. "Nenda nayo nyumbani. Siku ukiyasikia, rudi."

Nimefika nikajipulizia shingoni, nikapulizia mto, pazia, shuka, chupa ikabaki nusu. Mdogo wangu kaingia, kakohoa mpaka machozi, kafungua madirisha yote. "Dada, unataka kutuua na maua?"

Daktari alisema nisubiri. Nimesubiri mpaka nimechoka. Hapa nimekaa kitandani, nanusa mto, nanusa mikono yangu, na hakuna kitu. Hakuna kabisa. Sidhani kama nitarudi pale.