Mchezo Wangu wa Nyoka na Ngazi

Jumatatu

Eti kaubuni yeye! Leo sokoni Dutwa nimemkuta muuza vitabu anauza mchezo wangu wa nyoka na ngazi, ule niliowachorea watoto wa shule ya Jumapili, na Yona wangu ndani ya samaki. Mtaalamu kanakili hadi kosa langu: namba 68 mara mbili.

“Mayu, mama yangu, biashara ni huria siku hizi,” kaniambia, anacheka.

Nikaenda kumshtaki kwa mchungaji. Akaniuliza kwa upole, “Na wewe, hao nyoka uliwatoa wapi?”

Kwenye mchezo wa dukani, wapi pengine? Sikumwomba mtu ruhusa. Niliongeza Yona tu, naye ni wa Biblia. Mbunifu mkubwa mimi!

Ee Mungu, nisamehe. Kesho nitarudi kumwambia mwizi mwenzangu arekebishe ile 68, watoto wasigombane.