Lita Sabini za Mafuta Machafu

Jumatatu, 3 Machi

Hesabu inagoma. Hoteli kumi na nne, kila moja dumu la lita ishirini za mafuta yaliyokwisha kukaangia: mia mbili themanini. Kwenye pipa la sabuni zimeingia mia mbili na kumi tu, na bado sijachuja. Hata nikichuja, makapi huchukua lita moja tu katika kila kumi — si mbili na nusu! Wifi, mdogo wa mume wangu, ndiye mkusanyaji. Eti mafuta siku hizi yana maji mengi. Haya.

Alhamisi wanakuja wanafunzi wawili wa chuo. Wanachunguza kinachowasukuma watu kuanzisha biashara za kutunza mazingira. Jibu ninalo. Miaka tisa nimeosha vyombo hotelini, naamriwa kumwaga mafuta kwenye sinki. Bomba likaziba. Nikalizibua kwa mikono hii, kisha nikafukuzwa kwa kuliziba! Mazingira yalikuja baadaye. Ilikuwa hasira.

Jumatano, 5 Machi

Siamini. Siamini!

Nimepita kwa muuza chipsi wa kona. Kando ya karai — dumu letu! Jina langu ubavuni, nililiandika mwenyewe kwa rangi. Akanichangamkia: Mama Sabuni, mafuta yenu safi, yamechujwa! Ananunua kwa wifi kila wiki, madumu matatu na nusu. Eti na yeye sasa ni mtu wa mazingira, hatupi kitu.

Mafuta meusi, hoteli zimeyakataa — watu wanayala! Foleni ya watu tisa, wawili wamevaa sare za shule.

Nikabeba dumu langu, nusu limejaa. Akapiga kelele. Nikamwambia piga.

Wifi hata hakukana. "Wifi, wewe ulianza kwa hasira. Mimi nina watoto wanne, hasira hailiwi." Kisha akacheka: nikitangaza, dumu lina jina la nani? Kweli. Hoteli zikisikia, hatupati hata tone. Na wale akina mama sita wanaokata sabuni, niwaambie nini?

Alhamisi, 6 Machi

Wameshafika, wako sebuleni na madaftari yao. Wameanza na wifi: nini kilikusukuma? Akajibu bila kupepesa: huruma, hapendi kuona watu wakidhurika. Wakaandika! Mmoja hata kampa hongera.

Wakanigeukia. Nikasema naleta sampuli.

Niko stoo, naandika nimesimama. Miche ya sabuni hii hapa. Dumu lile pale. Nimelinyanyua. Nimeliweka chini. Nimelinyanyua tena.

Wifi anaita, sauti ya asali: "Wifiii! Wageni wanakungoja!"